Listi zinazofuatana: jina la kijiji chako linaingiaje katika mashine?



Karibu kila familia iliyokimbia vita imekwisha kusimama mbele ya ajenti mwenye telefone au ordinateri. Ajenti anauliza: Jina lako nani? Mko watu wangapi? Mmetoka wapi? Swali hilo la tatu ndilo tunalotaka kulieleza leo. Mkimbizi wa ndani analijibu kwa neno moja, yaani jina la kijiji chake. Lakini mashine haitosheki na neno moja. Inataka kwanza jimbo, kisha teritwari, kisha sheferi au sekta, kisha grupema, na mwisho kijiji. Kila jibu linachaguliwa katika listi inayofunguka, na kila listi inategemea ile iliyoitangulia.

Katika kazi yetu tunasikia mara nyingi maswali haya: Kwa nini jirani yangu ameonekana kwenye listi nami sikuonekana, na tulikimbia siku moja? Kwa nini jetoni yangu inaonyesha teritwari ambayo sijawahi kukanyaga? Wengine wanajibu upesi kwamba kuna upendeleo wa kabila. Upendeleo unaweza kuwepo, hatukatai. Lakini mara nyingine chanzo ni listi iliyotengenezwa vibaya. Heri tujue namna listi hizo zinavyofanya kazi, ili tusigombane na ndugu zetu kwa kosa la mashine, na ili anayetengeneza fishi asijifiche nyuma ya mashine.

Listi mama na listi mtoto

Inchi yetu ina majimbo 26 na teritwari 145. Chini ya teritwari kuna sheferi na sekta, na chini yake magrupema na vijiji vingi sana. Kama vijiji vyote vingewekwa katika listi moja, ajenti angetafuta jina mpaka jua litue. Kwa hiyo watengenezaji wa fishi wanagawanya listi hatua kwa hatua.

Tutoe mfano. Ukichagua jimbo la Kivu ya Kaskazini, listi ya pili inaonyesha teritwari sita: Beni, Lubero, Masisi, Nyiragongo, Rutshuru na Walikale. Ukichagua Rutshuru, listi ya tatu inaonyesha sheferi mbili: Bwisha na Bwito. Kama ungechagua jimbo la Kivu ya Kusini na teritwari ya Fizi, listi ya tatu ingeonyesha sekta nne: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Listi ya juu tunaiita mama, listi ya chini tunaiita mtoto. Mama akibadilika, mtoto naye lazima abadilike.

Miji ina njia yake. Mji wa Beni hauna sheferi wala sekta, una komini. Kwa hiyo fishi nzuri inauliza «mji au teritwari» katika hatua moja. Isipofanya hivyo, mtu wa mjini anasukumwa kwa nguvu ndani ya teritwari inayobeba jina moja na mji wake.

Ndani ya mashine kunatendeka nini?

Ukurasa wa intaneti hauna akili ya kujua kwamba Bwito iko Rutshuru. Ni lazima mtu auambie. Anauambia kwa maagizo mafupi yanayoitwa skripti, na lugha inayotumika sana kuandika skripti hizo ni JavaScript, iliyoanza mwaka 1995. Kazi yenyewe ina hatua nne:

1. Skripti inangoja mtu abadilishe listi mama.
2. Listi mtoto inafutwa yote, isibaki hata jina moja la zamani.
3. Skripti inatafuta majina yote yaliyo ya mama huyo mpya.
4. Majina hayo yanaingizwa katika listi mtoto, na juu yake linawekwa neno «Chagua».

Kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza ordinateri, tunaandika hapa mfano mfupi unaoweza kujaribiwa. Ukurasa uwe na listi mbili, moja iitwe «teritwari», nyingine iitwe «sheferi»:

var majina = [
  ["RUT", "RUT-1", "Bwisha"],
  ["RUT", "RUT-2", "Bwito"],
  ["FIZ", "FIZ-1", "Lulenge"],
  ["FIZ", "FIZ-2", "Mutambala"],
  ["FIZ", "FIZ-3", "Ngandja"],
  ["FIZ", "FIZ-4", "Tanganyika"]
];
var mama = document.getElementById("teritwari");
var mtoto = document.getElementById("sheferi");

function jazaMtoto() {
  mtoto.options.length = 0;
  mtoto.add(new Option("-- Chagua --", ""));
  majina.forEach(function (m) {
    if (m[0] === mama.value) {
      mtoto.add(new Option(m[2], m[1]));
    }
  });
  mtoto.disabled = (mama.value === "");
}

mama.onchange = jazaMtoto;
jazaMtoto();

Tazameni kwamba kila mstari wa majina una vitu vitatu: kode ya mama, kode ya mahali penyewe, na jina ambalo watu wanaliona. Mashine inatunza kode, si jina. Mstari wa mwisho nao una maana yake. Unaijaza listi mtoto mara ukurasa unapofunguka, kwa sababu programu nyingine za kufungulia kurasa zinakumbuka teritwari uliyochagua zamani huku listi ya sheferi ikiwa imebaki tupu.

Wale wanaotumia KoboToolbox au ODK kwenye telefone hawaandiki skripti hii. Wanatayarisha tableau yenye safu iitwayo choice_filter, na programu yenyewe inachuja majina. Lakini sheria ni ile ile: kila mtoto abebe kode ya mama yake.

Makosa yanayoleta maneno kambini

Kosa la kwanza: jina la juu linajichagua lenyewe. Listi ya ukurasa wa intaneti isiyo na neno «Chagua» inahesabu jina la kwanza kuwa ndilo jibu, hata kama hakuna aliyeligusa. Majina yanapangwa kwa kawaida kufuata alfabeti. Kwa hiyo ajenti aliyechoka akiruka listi, familia ya Walikale inaandikwa Beni, familia ya Shabunda inaandikwa Fizi, na familia ya Djugu inaandikwa Aru, kwa kuwa hayo ndiyo majina ya kwanza katika majimbo yao. Mkiona ripoti inayosema wakimbizi wengi ajabu wametoka mahali panapoanza listi, ulizeni kwanza kuhusu listi kabla ya kuuliza kuhusu vita.

Kosa la pili: mtoto wa zamani anabaki. Ajenti amechagua Rutshuru, akachagua Bwito. Mama wa familia anasema, «Hapana baba, sisi ni wa Fizi.» Ajenti anarudi juu na kuweka Fizi. Kama skripti haikufuta listi ya chini, mashine inatunza «Fizi, Bwito», mahali pasipokuwepo duniani. Siku ya kupanga msaada, wanaotafuta watu wa Fizi kwa sekta zake hawamwoni mama huyo. Wanaotafuta watu wa Rutshuru hawamwoni vilevile. Amepotea katikati ya listi mbili. Pale palipo na hatua tatu au nne, jimbo likibadilika ni lazima listi zote za chini zifutwe, mtoto, mjukuu na kitukuu, si mtoto peke yake.

Kosa la tatu: majina yanayofanana. Ruwenzori ni sekta katika teritwari ya Beni, na tena ni komini katika mji wa Beni. Tanganyika ni sekta ya Fizi, na tangu mwaka 2015 ni jina la jimbo ambalo Kalemie imo ndani yake. Kabare ni teritwari, na ni sheferi ndani ya teritwari hiyo hiyo. Skripti inayotafuta kwa jina tu, bila kode, itachanganya watu hawa. Ndiyo sababu tunasisitiza kila mahali pawe na kode yake isiyofanana na nyingine.

Kosa la nne: listi iliyozeeka. Mwaka 2015 inchi yetu ilitoka majimbo 11 na kufika 26, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyokuwa imepanga. Jimbo la Orientale liligawanywa kuwa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Katanga nayo ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Fishi inayotumia listi ya zamani inamtaka mtu wa Irumu aseme kwamba yeye ni wa Orientale. Akikataa, hakuna mahali pa kumweka. Na kama mashirika mawili yanatumia listi mbili tofauti, familia moja inahesabiwa katika majimbo mawili.

Kosa la tano: mtandao wa polepole. Fishi nyingine hazibebi majina yote. Kila unapochagua mama, ukurasa unaenda kuomba watoto kwenye seva iliyo mbali. Tuseme ajenti anagusa Rutshuru kwa bahati mbaya, kisha upesi anagusa Fizi. Mtandao ni mbovu, jibu la Fizi linafika kwanza, na jibu la Rutshuru linafika nyuma yake na kulifunika. Sasa juu kumeandikwa Fizi na chini kuna Bwisha na Bwito. Dawa yake ni hii: jibu linapofika, skripti iulize kwanza kama mama bado ni yule yule, na kama siye, jibu litupwe. Mahali ambapo mtandao unakatika ovyo, ni afadhali majina ya jimbo lote yapakiwe mara moja asubuhi, kabla ajenti hajatoka ofisini.

Kosa la sita: mtu anarudi kusahihisha. Fishi iliyokwisha kutunzwa inafunguliwa tena ili kuongeza mtoto mchanga aliyezaliwa. Skripti inarudisha teritwari ya zamani, lakini listi ya sheferi haijazwi, kwa sababu mashine inasikia mabadiliko yaliyofanywa na mkono wa mtu, si yale yaliyofanywa na skripti yenyewe. Sheferi inatunzwa tupu, na familia iliyokuwa imeandikwa vizuri inaharibika siku ya kupata baraka. Hapo ni lazima mtengenezaji aite mwenyewe kazi ya kujaza listi, kuanzia jimbo mpaka kijiji, hatua kwa hatua, ndipo arudishe majibu ya zamani.

Kwa nini tunaliandika jambo hili katika gazeti la amani?

Kwa sababu hapa kwetu swali «umetoka wapi» si swali dogo. Sheferi kadhaa zinabeba majina ya jamii zinazokaa humo, kama sheferi ya Bahunde kule Masisi na sheferi ya Bafuliiru kule Uvira. Anayesoma listi anaweza kudhani amekwisha kujua kabila la mtu. Basi listi ikikosewa, kosa lile haliangukii watu ovyo ovyo. Linaangukia watu wa mahali pamoja, wote kwa pamoja. Siku ya kugawa bashi na unga, watu wa grupema moja wanaitwa na watu wa grupema jirani hawaitwi. Nani atakayewaambia kwamba ni skripti? Watasema prezida wa kambi amewauza, au ajenti amependelea wa kwao. Tumeona ni vyepesi kuzuia kosa katika listi kuliko kuzima uvumi uliokwisha kulala usiku mmoja kambini.

Kuna pia suala la jina lisilokuwemo. Kijiji kinaweza kuwa na majina mawili, moja la wenyeji na lingine la karatasi za serikali. Mpaka wa grupema unaweza kuwa na mabishano baina ya jamii mbili. Mtu akisikia «kijiji chako hakimo», haelewi kwamba kimekosekana katika tableau. Anaelewa kwamba yeye mwenyewe anafutwa katika inchi yake. Kwa hiyo kila listi iwe na nafasi ya mwisho ya «Jina lingine, andika», na kamati ya watu wa pande zote isome majina hayo kila juma na kuyaweka mahali pake. Tuseme wazi: listi ya shirika haiamui mpaka wowote. Mipaka inaamuliwa kwa sheria na kwa viongozi wenye madaraka, si kwa telefone ya ajenti.

Tena, kutaja kijiji ulichotoka si kukubali kurudishwa huko. Kanuni Zinazoongoza za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba wahusika washirikishwe katika kupanga jambo hilo. Wanasema pia kwamba mtu anaweza kuchagua kukaa sehemu nyingine ya inchi. Ajenti aeleze hili kabla ya kufungua listi ya kwanza, maana mwenye hofu anataja kijiji cha uongo, na listi nzuri kuliko zote haiwezi kuponya jibu la hofu.

Na habari hizi zilindwe. Kanuni ya Dijitali ya inchi yetu, Ordonansi-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inazungumzia ulinzi wa habari za watu binafsi. Listi inayoonyesha nani ametoka grupema gani isibandikwe mlangoni, isitumwe ovyo kwa telefone, wala isionyeshwe mtu mwenye silaha.

Tufanye nini?

Kwa familia:
- Jueni ngazi zote za mahali mlipotoka: jimbo, teritwari au mji, sheferi au sekta au komini, grupema au kartie, kijiji au avenyi. Wafundisheni na watoto, maana mara nyingine ni mtoto anayebaki peke yake mbele ya ajenti.
- Kabla ajenti hajafunga fishi, mwambieni hivi kwa upole: «Tafadhali, utusomee yale uliyoandika, tangu juu mpaka chini.» Ni haki yenu.
- Mkirudi nyuma kusahihisha jibu moja la juu, ombeni asome tena majibu yote ya chini.
- Jetoni ikiwa na kosa, pelekeni malalamiko siku ile ile kwa kamati ya malalamiko, msingoje siku ya kugawa.

Kwa viongozi, mabwami, mashefu wa grupema na maprezida wa kambi:
- Ombeni kuona listi ya majina ya mahali kabla ya uandikishaji kuanza, si baadaye. Kaeni na wenzenu wa jamii nyingine, wanawake na vijana wakiwemo, mkaisome pamoja.
- Mkikuta jina lililosahauliwa, liandikeni pamoja na jina la mama yake: kijiji fulani, grupema fulani. Jina lisilo na mama mashine haijui pa kuliweka.
- Watu wakianza kulalamika kwamba sehemu moja imeachwa, ulizeni kwanza: je, wameandikwa chini ya jina lingine? Jibu hilo linaweza kupatikana kwa saa moja ofisini, na linaweza kuokoa juma zima la matusi.

Kwa vijana na wenzetu wa mashirika wanaotengeneza fishi:
- Neno «Chagua» liwe la kwanza katika kila listi, na fishi isikubali kufungwa likiwa limebaki hapo.
- Mama akibadilika, uzao wote wa chini ufutwe. Listi mtoto ifungwe mpaka mama achaguliwe.
- Tumieni kode, msitumie jina. Yapo majedwali ya kode za mahali ambayo mashirika ya kibinadamu yanayatumia kwa pamoja. Kutumia kode moja kunawezesha listi zetu kusemezana.
- Seva nayo ichunguze kila fishi inayofika: je, mtoto huyu ni wa mama huyu? Msitegemee ukurasa peke yake, maana skripti inaweza kukwama katika telefone ya zamani.
- Jaribuni fishi kwa makusudi mabaya: chagueni, rudini nyuma, badilisheni, kateni mtandao, fungueni tena. Fishi ikivumilia hayo, iko tayari kwenda kambini.
- Andikeni tarehe ya listi ndani ya fishi, ili kila mtu ajue ni majina ya mwaka gani.

Wapendwa wasomaji, wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Tunawaomba muulize. Mkiona telefone ya ajenti imeinuliwa, msiiogope wala msiiabudu. Ndani yake kuna listi tu, na listi imeandikwa na mtu kama ninyi, anayeweza kusahau na anayeweza kusahihishwa. Kijiji kilichoandikwa mahali pake kinasaidia familia kupata haki yake leo, na kinasaidia majirani wawili kukaa bila kushukiana kesho. Tuyasome majina yetu pamoja, tuyasahihishe pamoja.

Kama kuna grupema au kijiji cha kwenu ambacho mnaona hakitokei katika listi za uandikishaji, mwambieni animateri wetu atakapopita katika mtaa wenu, nasi tutalifikisha jina hilo kwa wale wanaotunza listi.